Mwaka Mama Alipojifunza Kula Upya

Hapa Kitale, karibu na ninapofanya kazi, kuna mwanamke anayeuza uji wa wimbi asubuhi. Akifungua kifuniko cha ndoo yake, ile harufu ya unga uliochachuka hunifikia nikiwa bado ng'ambo ya barabara, na kabla sijajua ninachofanya nimeshasimama. Watu wa umri wangu waliolelewa huku kwetu wana mambo yao wanayokumbushwa na harufu hiyo: baridi ya alfajiri, kikombe cha bati kinachochoma midomo, kukimbizwa shule. Mimi hukumbuka jikoni kwa nyanya yangu kule Bokoli, moshi umetanda, na Mama ameketi kwenye kigoda ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hanywi. Anakitazama tu kile kikombe, jinsi mtu anavyomtazama mbwa asipokuwa na hakika kama amefungwa.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo, na kwa muda mrefu sikuelewa nilichokuwa nikikiona. Sasa mimi mwenyewe nina watoto, na kila mwaka unaopita ninazidi kumstahi mwanamke yule wa kwenye kigoda.

Tuliishi Kitale, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Baba alikuwa fundi wa matrekta. Mama alishona nguo barazani kwa cherehani yake. Mimi, Naliaka, ndimi niliyekuwa wa kwanza, kisha akaja Barasa. Mama alipika vizuri kuliko mtu yeyote katika ploti yetu ya wapangaji, hata majirani walikuwa wakija wakisingizia kuomba chumvi wakati sufuria yake ikitokota. Lakini hakuwa akila na sisi. Alitupakulia, akahakikisha tumenawa, halafu akabaki amesimama mlangoni mwa jikoni akijifuta mikono kwa leso. Baba akimuuliza, alijibu, "Nimekula nikipika." Nasi tuliridhika. Akina mama wote wa ploti walisema hivyo, na hakuna aliyeona ajabu mama akila mwisho, au akila amesimama, au akikwangua ukoko na kusema ndio anaoupenda.

Kwa akili yangu ya kitoto nilijitafutia maelezo. Niliamini akina mama hushiba mvuke. Siku moja nilijaribu mwenyewe. Dagaa wa omena walikuwa wakichemka kwenye nyanya, nikainamisha uso juu ya sufuria na kuvuta ule mvuke mpaka pua ikaniwaka. Njaa ilikuwa palepale. Nikaamua kwamba uwezo huo lazima huja mtu akishazaa, nikaenda kucheza.

Halafu akazaliwa Wafula, na kabla hajaanza kutambaa akashikwa na nimonia, akafariki. Tulimzika Bokoli, kando ya kaburi la babu. Tuliporudi Kitale, Mama hakusema tena kwamba amekula akipika. Majirani walileta vyakula, akavipokea kwa shukrani na kutupakulia sisi. Aliendelea kushona, kufua na kutusuka nywele. Lakini magauni yake aliyapunguza upande na upande, na mkono wake ukinishika njiani niliusikia mwembamba kama wangu. Watu walisema ni huzuni, itaisha. Mchungaji alikuja kuomba. Baba alikuwa akileta nyama, akiiweka mezani na kusubiri amwone akifurahi, halafu anatoka nje.

Jumamosi moja nilienda naye kusaga mahindi. Penye kinu palikuwa na kelele, na vumbi jeupe la unga lilikuwa limetua kwenye nyusi za kila mtu. Mama alikuwa ameshika mdomo wa gunia unga ukiingia. Nikamwona anakaa chini polepole, kama mtu aliyeamua kupumzika, kisha akalala ubavu, na unga ukaendelea kumwagika juu yake. Nilidhani anacheza. Nilianza hata kucheka. Mwenye kinu akazima mashine, na ule ukimya ulioingia ghafla ndio ulionitia hofu.

Hospitalini walimtundikia maji. Daktari alizungumza na Baba kwenye ujia kwa muda mrefu, nasi tukiwa tumeketi benchi. Baba aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Jioni alitukalisha mezani, mimi na Barasa, akasema mwili wa Mama umekaa bila chakula kwa muda mrefu mno, na kwamba tutahamia kwa Kukhu, nyanya yetu mzaa baba, kule Bokoli, kwa sababu Lugulu si mbali, na hapo Lugulu kuna madamu mmoja mshauri atakayemsaidia.

"Atamsaidia nini?" nikauliza.

Baba akanijibu, "Atamfundisha kula tena."

"Kwani Mama hajui kukula?" Barasa akashangaa.

Usiku huo nilijilaza nikiliona darasa lenyewe. Akina mama wamepangwa kwenye madawati wakiwa wamevaa sare, sahani mbele yao badala ya vitabu, na mwalimu anapita katikati na kiboko akisema, "Meza!" Nilimwonea Mama huruma. Nilijua jinsi mtu anavyojisikia akiwa wa mwisho darasani. Nikaazimia kumfundisha mapema ili akifika huko asichekwe.

Kukhu alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa bibi mrefu, mwenye sauti kubwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, na upendo wake wote ulipitia kwenye chungu. Tulipofika tu alikuwa amechinja kuku. Akamwekea Mama sahani iliyojaa, akavuta kigoda chake karibu, akamkodolea macho. "Kura, Mama Naliaka. Kura, mama, hata kidogo." Kwa Kukhu, kula ilikuwa kura, na Barasa alinong'ona kwamba Mama anaombwa kura kama siku ya uchaguzi. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na Mama, na niliona akiikunja na kuikunjua leso yake chini ya meza. Kadiri Kukhu alivyomsihi ndivyo mabega yake yalivyozidi kupanda. Mwishowe alisema, "Asante, Mayi, nimeshiba," akimwita mama kwa lugha ya nyumbani, na sahani ilikuwa haijaguswa. Kukhu akaenda jikoni, nikamsikia akilia huku akifunika mabaki.

Kesho yake mchana, watu wazima wengine wakiwa shambani, nilianza masomo yangu. Nilimkalisha Mama penye kivuli cha nyumba, nikaweka sahani ya ugali na mboga ya mrenda kati yetu.

"Kwanza unamega," nikamwambia kwa sauti ya mwalimu wangu wa darasa. "Halafu unafinyanga. Halafu unachovya. Halafu hivi." Nikatia tonge mdomoni. "Sasa wewe."

Hakucheka. Alinitazama, macho yakajaa maji. Kisha akamega, akafinyanga, akachovya kama nilivyomwelekeza. Lile tonge lilikuwa dogo kama punje ya njugu. Akalitia mdomoni, akatafuna, nami nikalifuata koo lake kwa macho mpaka tonge likapita.

"Umeona? Ni rahisi."

"Si rahisi, Naliaka," alisema. "Lakini nimeona."

Wiki ile Baba alikuja kutoka Kitale, alikobaki kazini, tukaenda Lugulu sote. Madamu mwenyewe aliitwa Rispa, mwanamke mfupi aliyevaa sweta ya kijani na kuzungumza taratibu, kama mtu anayepanga vyombo. Hapakuwa na madawati wala kiboko. Palikuwa na viti, mkeka wa watoto, na dirisha linalotazama ua wa miti ya kayaba. Nilivunjika moyo kidogo.

Baba ndiye aliyeanza. Nadhani alikuwa amelibeba neno lile tangu siku ya kinu. "Madamu, mimi sielewi. Kwangu chakula haijawahi kukosekana. Sasa watu wakimwona bibi yangu hivi, si watasema nimeshindwa na boma?"

"Baba Naliaka, hakuna mtu hapa amesema chakula hakuna," Madamu Rispa akajibu. "Hebu tumsikize mwenyewe."

Mama alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini hata Kukhu akainama mbele.

"Nikiwa na njaa, huku ndani kunanyamaza," alisema akijigusa kifuani. "Nilianza nikiwa msichana, mamangu alipokufa kule Saboti. Niliona nisipokula, kule kulia kunaisha. Nilipoolewa nikadhani nimeacha. Sasa nikila tu kidogo, nguvu ikirudi, namsikia Wafula. Namsikia akikohoa. Najiuliza, mimi ni mama gani anakaa anakula, na mtoto wake yuko kwa mchanga?"

Kukhu aliziba mdomo kwa leso. Baba alisimama, akaenda dirishani, akakaa huko akiwa ametugeuzia mgongo. Nilikuwa sijawahi kuuona mgongo wa Baba ukitikisika.

Madamu Rispa hakuharakisha mtu. Alingoja Baba arudi kitini, kisha akatueleza kwamba huo ni ugonjwa, una jina na una matibabu, na wanaougua hupona. Si laana, si kiburi, wala si kwamba mtu hapendi watu wake. Daktari angeendelea kuuangalia mwili, na wao wawili wangeshughulikia hayo ya ndani. Sisi nasi tulikuwa na kazi yetu. Chakula kiwe na saa zake, na Mama akae mezani saa hizo, ana hamu au hana. Mazungumzo yawe ya mambo mengine. "Na macho yenu yasikae kwa sahani yake."

"Sasa mimi nitaangaria wapi?" Kukhu akauliza kwa uchungu wa kweli.

"Angalia wajukuu, Mama. Wapigie hadithi."

Halafu akamgeukia Mama, akasema maneno ambayo yalinitoa jasho. "Huzuni ni kama wimbi. Linakuja, linapanda, unaona sasa linakumeza. Lakini halipandi milele. Likikuja, usilipige, na usikimbie. Weka miguu chini, pumua, ulitaje jina lake, ukae nalo mpaka lishuke."

Mimi nilikuwa sijawahi kuona bahari. Wimbi nililolijua ni moja tu, nalo lilikuwa kwenye debe la Kukhu jikoni, limesagwa tayari kwa uji. Kwa hiyo kumbe hilo ndilo linalotaka kummeza Mama! Kila kitu kikanijia wazi. Ndiyo maana alikuwa akikitazama kile kikombe cha asubuhi kwa woga. Na huyu madamu, ambaye ni msomi, anamwambia akae tu nalo!

Tulipofika nyumbani nilimwita Barasa, tukalibeba lile debe tukiwa tunahema, tukalipeleka nyuma ya zizi la ndama na kulifunika kwa majani ya migomba. Asubuhi Kukhu alipindua jikoni nzima. "Nani amechukua wimbi yangu? Jana iko, leo haiko, imeota miguu?" Alikuwa ameshaanza kutaja jirani mmoja kwa jina nilipoona mambo yanaharibika.

"Ni mimi, Kukhu. Nimeificha isimeze Mama."

Kukhu alibaki na mwiko hewani. Mama akaniuliza polepole, "Isinimeze namna gani?" Nikamweleza yote: alivyosema madamu, inavyokuja, inavyopanda. Barasa akaongeza kwamba tumeweka na jiwe juu.

Mama alianza kucheka. Kwanza ilikuwa pumzi tu puani, halafu bega likatikisika, halafu akashika mbavu na kucheka mpaka machozi yakamtoka, akafuta, akaanza tena. Nilikuwa nimesahau sauti ile. Kukhu, ambaye hakuelewa kinachochekesha, alicheka kwa sababu mkwe wake anacheka, na akawa anapiga makofi.

Alipotulia, Mama alijaza karai maji, akatuita. Akausukuma mkono ndani ya maji. "Angalieni. Hili ndilo wimbi. Limeinuka, limegonga huku, limerudi. Ona, sasa limelala. Baharini yako makubwa kuliko nyumba, lakini ni haya haya."

"Na hiyo ya debe?" nikauliza.

"Hiyo ni chakula tu." Alitoa mkono majini. Akarudia, safari hii si kwangu, "Ni chakula tu." Barasa alipokimbia kuleta debe na uji ukapikwa, Mama alikipokea kikombe chake na kunywa mafunda machache, miguu yake ikiwa imekaa sawasawa sakafuni.

Kuanzia hapo neno wimbi likawa la nyumba yetu. Akiinuka ghafla au akikaza taya, mmoja wetu aliuliza, "Ni wimbi?" naye akajibu ndiyo au hapana. Alitufundisha, bila kujua kwamba anatufundisha, mambo ambayo mimi nayatumia hadi leo. Akipewa kiazi kitamu cha moto, alikishika kwanza, akakinusa. "Kina moto wa kupasha mkono," alisema. "Ngozi ina mchanga kidogo. Kinanukia udongo wa mvua." Halafu alikikata na kutafuna taratibu akituambia anachoonja. Mimi na Barasa tulidhani ni mchezo, tukashindana naye. Barasa aliwahi kuapa kwamba kiazi chake kina ladha ya Jumapili, na Mama akakubali.

Saa ngumu zaidi haikuwa ya kula. Ilikuwa ile baada ya kula, sahani zikishaondolewa. Hapo uso wake uliingia kivuli. Madamu Rispa alikuwa amemwambia asikae peke yake wakati huo, mikono yake iwe na kazi. Basi Kukhu alimwaga mahindi kwenye mkeka, tukayapukuchua sote, na Mama alikuwa akitaja yaliyomo ndani yake kwa sauti ile ile ya kuelezea kiazi.

"Hii ni huzuni," alisema. Punje zinaanguka. "Hii ni hofu." Punje. Jioni moja alisema, "Hii ni hasira. Namkasirikia Mungu."

Mikono ya Kukhu ilisimama. Alikuwa mzee wa kanisa, wa kiti cha mbele. "Mungu, Mama Naliaka?"

"Mayi, madamu ameniambia niseme ukweli."

Kukhu alichukua gunzi jingine, akaligeuza geuza. "Basi sema," akamwambia. "Mungu ni mkubwa. Atavumiria."

Sitaki mtu adhani ilikuwa kupanda tu bila kushuka. Kuna siku alisukuma sahani na kwenda kulala jua likiwa bado liko juu. Kuna safari Baba alikuja, akasahau maagizo, akasema, "Si ukule tu, bana, watoto wanakuona," na chakula cha mchana kikaharibika. Baba alimwomba msamaha penye kisima, mbele yetu. Tangu siku hiyo hakumuuliza tena kama amekula. Alimuuliza, "Umeshindaje?" na akawa anangoja jibu. Nilitambua baadaye kwamba hilo nalo alijifunza kwa taabu.

Muhula wetu katika shule ya huko ulipokaribia kwisha, tulitoka kanisani Jumapili, watu wakisalimiana uani. Mwanamke mmoja wa kwaya alimjia Mama mikono imenyooshwa. "Mama Naliaka! Ai, umenona! Ati Bokoli imekupenda hivi, bana?" Akamfinya mkono kwa furaha. Kwetu hiyo ni sifa. Huyo mama alikuwa ameomba kwa ajili yake miezi yote ile, na alisema kwa moyo safi kabisa. Mama alitabasamu, akashukuru. Lakini njiani hatua zake zilikuwa za haraka, na kiganja chake kilikuwa baridi ndani ya changu.

Chakula kilipoletwa hakuvuta sahani. Nilimwona Kukhu akimtazama, halafu, kama mtu anayejing'oa, akageuza shingo kwetu na kuanza hadithi ya sungura kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Aliichanganya vibaya. Fisi alikufa mwanzoni, akarudi katikati akiwa mzima. Mama aliinuka, akatoka. Nami nikamfuata.

Alikuwa ameketi kizingitini, viatu amevua, nyayo ameziweka kwenye udongo uliokuwa bado na unyevu wa mvua. Nikaketi kando yake, nikavua vyangu.

"Ni wimbi?"

"Ni wimbi."

"Kubwa?"

"Kubwa sana, Naliaka."

"Inaitwa nani?"

Kifua chake kilipanda na kushuka. "Aibu," alisema. "Yule mama amesema nimenona, na kitu ndani yangu kikasema, umemsahau mwanao."

Sikujua watu wazima huambiwa nini katika hali hiyo. Nilisema lililokuwa kweli kwangu. "Mimi pia nimenona. Na sijamsahau Wafula."

Mama aligeuka akanitazama. Alinitazama kana kwamba nimeingia sasa hivi kutoka safarini. Kisha akafumba macho, akaanza kuhesabu sauti kama alivyofundishwa. "Nasikia kuku. Nasikia mtu anapasua kuni. Nasikia Kukhu amemfufua fisi tena." Akatabasamu akiwa amefumba macho vile vile. Tulikaa. Pumzi yake ilirudi taratibu, na kiganja chake kikapata joto kidogo kidogo mkononi mwangu. Sijui ilichukua muda gani. Nyayo zangu zilikuwa zimeshikwa na baridi.

Halafu akasimama, akanawa mikono, akaingia. "Mayi," alisema, "naomba sahani yangu."

Kukhu alimpa bila kumtazama, huku akiendelea na fisi wake, na machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Mama hakumaliza yote. Alikula kiasi cha kutosha, amekaa, kati yetu.

Nimewahi kukaa kwenye hafla watu wakisifiwa kwa ujasiri, nami nikipiga makofi kama wengine. Lakini ninapotafuta moyoni mwangu mtu jasiri niliyepata kumwona kwa macho, humwona Mama akiinuka kutoka kizingiti kile, anarudi penye jambo lililokuwa likimtisha, hakuna anayemlazimisha.

Tulirudi Kitale. Mama aliendelea kwenda Lugulu, kwanza mara kwa mara, kisha kwa nadra. Cherehani ilirudi barazani. Wakati wa kula aliketi kwenye kiti chake, na majirani wengine walishangaa kumwona akila pamoja na mume na watoto, chakula kikiwa bado cha moto. Baadhi yao, nimeambiwa, walianza kuketi vilevile makwao. Siku mbaya zilikuwepo. Alizitaja, akazipitia, akaomba msaada alipohitaji. Mimi nikakua nikidhani kila mama duniani hushika kiazi na kukieleza.

Nikiwa ninamaliza shule ya msingi, Kukhu akafariki. Alilala akiwa mzima, hakuamka. Mama ndiye aliyeumia kupita wote. Walikuwa wameshakuwa kama mtu na mama yake mzazi. Tulipoteremka Bokoli, Baba alininong'oneza, "Mwangalie Mama," na nikaona kwamba naye anakumbuka ninayoyakumbuka. Siku zile za matanga tulimchunga kwa jicho la pembeni, kila mmoja akijifanya hafanyi hivyo.

Baada ya mazishi watu walipakuliwa. Mahema yalikuwa yamejaa, masufuria makubwa yakifuka moshi, nami nilipewa upawa wa mboga upande wa akina mama. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi katikati ya wanawake wa kanisa, sahani magotini, analia waziwazi bila kujifunika. Machozi yalianguka hata kwenye ugali. Mama mmoja mzee, ndugu wa marehemu, akamwonea huruma, akanyoosha mkono kuichukua ile sahani.

"Pole, Mama Naliaka. Leta nikuwekee. Mtu hawezi kura na anaria hivi. Utakura baadaye."

Upawa wangu ulisimama. Upande wa wanaume, Baba alikuwa ameacha kutafuna.

Mama aliishika sahani yake. "Hapana, mama," alisema kwa upole. "Wacha tu nile nikilia."

Akamega, akafinyanga, akachovya. Alilia na kutafuna, akalia na kumeza. Yule mzee akavuta sahani yake mwenyewe, akasogea mpaka mabega yao yakagusana, wakawa wanakula pamoja. Baba aliinamisha kichwa. Mimi sikuweza kuondoa macho, maagizo ya madamu yawepo yasiwepo.

Mama aliinua uso uliolowa, akanitafuta kwenye moshi, akaniona.

"Naliaka," akaniita, "mboga imeniishia. Niongezee."